SOMO LA ATELIE: KUFANYA CHUMA KIPYA KIFANANE NA CHA ZAMANI, NA MPAKA WA KAZI HIYO



Somo la safari hii ni la mikono na la kichwa pamoja. Linahusu vyuma vidogo vya mlango na vya sanduku: sharniere (katika vitabu huitwa bawaba), kufuli, kadena, mikono ya droo, misumari na visi. Tutaona namna gani kitu kilichotoka leo dukani kinaweza kupata rangi ya kitu kilichokaa miaka mingi. Wa sayansi watapata shimi yao humu, wa atelie watapata kazi yao. Na mwishoni kuna jambo moja linalotuhusu wote, hata yule asiyeshika nyundo.

1. JUU YA NINI KUZEESHA KITU KIPYA?

Mtu anaweza kucheka na kusema: "Sisi tunapaka mabati rangi yasishike kutu, na wewe unatufundisha kuita kutu?" Swali ni zuri. Mimi naona sababu tatu zinazomfanya fundi atende hivyo.

Ya kwanza ni kutengeneza. Kabati la vitabu lina sharniere sita. Tano ni za zamani, rangi yake ni kahawia inayoelekea weusi. Moja imevunjika. Unanunua mpya kenkayeri, unaifunga, na ile mpya inang'aa peke yake kama jino la dhahabu. Fundi asiye na akili atakwangua zile tano ziwe nyeupe kama hii moja, na hivyo ataharibu ngozi iliyozilinda miaka yote. Fundi mwenye akili ataipa ile moja rangi ya dada zake. Huko Zanzibar, katika Mji Mkongwe ulioandikwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, milango mikubwa ya mbao ina misumari mipana ya shaba ya manjano. Msumari mmoja ukipotea, ule unaorudishwa lazima ukubaliane na wenzake, sivyo jicho la kila mpita njia litakwenda pale pale.

Ya pili ni uzuri. Mbao nyeusi ya pori haipendezi sana na visi vyeupe vya zinki. Watu wengi wanapenda rangi iliyotulia, isiyopiga kelele.

Ya tatu ni kudanganya. Kitu cha mwaka huu kinauzwa kama cha babu. Hiyo tutaiacha mpaka sehemu ya 7.

2. UZEE WA CHUMA NI NINI?

Nywele za mtu huwa nyeupe kutoka ndani. Chuma huzeeka kutoka nje. Hewa, maji, chumvi, moshi na jasho la mkono vinagusa uso wake, na uso huo unageuka kuwa kitu kingine. Kila aina ya chuma ina uzee wake.

a) Chuma cha kawaida (fero). Kikikaa na maji na oksijeni kinageuka kutu. Kwa ufupi:

4 Fe + 3 O2 + 6 H2O → 4 Fe(OH)3

Ile kahawia nyekundu tunayoiona ni kitu hicho kikiendelea kukauka. Kutu ina matundu kama sifongo. Inashika maji na kuyapitisha, kwa hiyo haimlindi mwenye nyumba. Inakula mpaka mwisho. Lakini chuma kina ngozi nyingine, nyeusi, Fe3O4, inayotokea kwenye moto. Ile ni ngumu na imeshikamana. Ndiyo maana nyundo iliyotoka kwa mhunzi huwa nyeusi, wala si nyekundu.

b) Shaba nyekundu. Kwanza inakuwa kahawia, kisha nyeusi. Ikikaa nje miaka mingi inavaa kijani:

2 Cu + O2 + H2O + CO2 → Cu2(OH)2CO3

Hiyo ni malakiti, jiwe lile lile la kijani linalochimbwa Katanga na kuchongwa kuwa vikombe na sanamu ndogo. Kumbe shaba iliyotolewa katika jiwe inatamani kurudi kuwa jiwe! Lakini kijani hiki, tofauti na kutu, kinalinda shaba iliyo chini. Ile sanamu kubwa ya mwanamke mwenye mwenge iliyoko New York ilivikwa shaba yenye unene wa milimita 2 na nusu hivi. Ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba. Miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha kuwa kijani chote, na bado inasimama.

c) Shaba ya manjano, ambayo mafundi huita laitoni. Ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Inazeeka pole pole: manjano inafifia, inakuwa kahawia ya asali, na katika pembe inakuwa nyeusi.

d) Zinki. Visi na sharniere nyingi za bei ndogo ni chuma kilichovikwa zinki. Zinki inakuwa kijivu tu, haina uzuri wa kuitazama. Kazi yake ni kujitoa kwa ajili ya chuma: yenyewe inaliwa kwanza.

3. FUNDI MKUBWA KULIKO SISI

Wanafunzi wa Masisi mnamjua fundi huyu: ni volkano. Nyiragongo ilipasuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na jirani yake Nyamulagira inapasuka mara nyingi zaidi. Lakini hata siku zisizo za kupasuka, milima hiyo inapumua. Moshi wake una SO2, gazi ya sulfuri. Mara nyingi upepo unausukuma kwenda magharibi, upande wa Sake na milima ya Masisi. Gazi ikikutana na maji ya mawingu inafanya asidi, na mvua inayoanguka inakula mabati, misumari na waya za lupango. Ndiyo maana mabati ya nyumba zilizo karibu na milima hiyo huchoka haraka kuliko ya mahali pengine.

Huko Walikale fundi ni mwingine. Pori ni la joto, hewa imejaa maji usiku na mchana. Panga ukiliweka chini bila mafuta, asubuhi linakuonyesha uso mwekundu.

Basi, mtu anayezeesha chuma hafanyi mujiza. Anachukua maji, asidi, chumvi, sulfuri na moto, vitu ambavyo nchi yetu inavitumia pole pole, naye anavitumia kwa masaa machache. Tofauti ni kwamba yeye lazima ajue wakati wa kusimamisha. Volkano haijui.

4. MAFUNDI WA WAZEE WETU

Tusifikiri kazi ya vyuma ilikuja katika sanduku la mzungu. Katika sehemu nyingi za Kivu majembe ya chuma yalikuwa mali ya kutoa mahari. Na Wanyanga wa Walikale wana hadithi kubwa ya Mwindo. Ile iliyosimuliwa na mzee Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 iliandikwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Humo, wajomba wa Mwindo ni wahunzi, nao wanamfulia mavazi ya chuma mbele ya kwenda vitani. Taifa lisilojua kufua chuma halingeweza kuota hadithi ya namna hiyo.

Tena tuangalie utajiri wetu. Bronzi hufanywa kwa shaba na etani, kwa kawaida sehemu 9 za shaba kwa sehemu 1 ya etani. Shaba iko Katanga. Etani inatoka katika kasiterite, na kasiterite iko Bisie, hapa hapa Walikale, ambapo watu walianza kuchimba kwa mikono karibu na mwaka 2002, na mgodi wa mashine ukaanza kutoa mali mwaka 2019. Ni kusema mikono ya milango ya bronzi ingeweza kuzaliwa hapa kwetu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini tunauza mchanga, na kisha tunanunua mikono ya milango. Wa mwaka wa mwisho walifikirie jambo hilo wanapochagua masomo ya chuo kikuu.

5. JUA CHUMA CHAKO MBELE YA KUANZA

Dawa ya malaria haiponyi jino. Vivyo hivyo dawa ya shaba haifanyi kazi kwa chuma. Fanya majaribio haya matatu.

Jaribio la sumaku. Chukua sumaku ya redio iliyokufa. Ikishika sharniere ya manjano, ujue ile si laitoni. Ni chuma kilichopakwa manjano kidogo juu. Ukikwangua, manjano yote inaondoka.

Jaribio la tupa. Piga tupa mara moja mahali pasipoonekana. Chini ya rangi utaona kama ni nyekundu, manjano au nyeupe.

Jaribio la tone la maji. Laitoni nyingi hupakwa vernishi dukani ili isifanye weusi. Tone likisimama duara juu yake, kuna vernishi au mafuta. Iondoe kwa dawa ile wadada wanayotumia kuondoa rangi ya kucha, kisha osha kwa sabuni. Mbele ya kuondoa vernishi, hakuna dawa nyingine itakayopita.

Baada ya hapo hapana kugusa uso wa chuma kwa vidole. Mafuta ya kidole yanaacha alama, na alama ile itaonekana mpaka mwisho.

6. NAMNA YA KUFANYA

A. Kuvua zinki. Tia visi na sharniere katika kopo la plastiki lenye siki. Utaona mapovu: ni hidrojeni inayotoka. Gazi ile inawaka, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje, mbali na moto na mbali na sigara. Mapovu yakikoma, zinki imekwisha. Toa, osha, kausha. Sasa una chuma kitupu, chenye rangi ya kijivu iliyofifia.

B. Weusi wa chai. Chuma kilichotoka katika siki kiache hewani usiku mmoja mpaka kivae kutu nyembamba sana, kama vumbi. Chemsha chai nyeusi nzito sana, isiyo na sukari wala maziwa, au maganda ya mti wa kalitusi. Ndani ya maji hayo kuna tanini. Paka kwa brosi chai ikiwa ya moto. Tanini inakamata kutu na kuigeuza rangi ya weusi wa bluu. Ni shimi ile ile iliyofanya wino wa zamani wa kuandikia vitabu. Rudia mara mbili au tatu. Njia hii ni ya bei ndogo, haina sumu kali, na inafaa hata kwa wadogo wetu wa darasa la saba wakiwa na mwalimu.

C. Weusi wa moto na nta. Hii ni njia ya wahunzi. Shika chuma kitupu kwa koleo juu ya makaa. Tazama rangi: karibu na digri 230 kinakuwa manjano kama majani makavu, 260 kahawia, 280 zambarau, 300 bluu, kisha kijivu kinachoelekea weusi. Hapana kukifikisha wekundu. Kitoe, kiache kipoe kidogo, na kikiwa bado kinayeyusha nta, sugua nta ya nyuki pande zote. Moshi utatoka, weusi utakaa. Futa kwa kitambaa kikavu. Wengine wanauliza: juu ya nini si mawese, maana mawese iko tele Walikale? Jibu: mawese haikauki. Chuma kitabaki kinanata na kushika vumbi. Nta inaganda na kulinda.

D. Weusi wa yai kwa shaba. Chemsha yai mpaka ligumu, liponde lingali moto, liweke ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na kipande cha shaba, lakini visigusane. Yai linatoa gazi ya sulfuri, H2S, ile yenye harufu tunayoijua wote. Shaba nyekundu inaanza kahawia ndani ya masaa machache. Laitoni inachelewa, iache usiku mzima, na kama bado, tia yai lingine. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaweza kusimama pale unapotaka. Ubaya wake ni kwamba yai ni chakula. Yai moja linatosha kwa vyuma vyote vinavyoingia katika kopo, kwa hiyo ngojeaneni, fanyeni pamoja.

E. Kijani. Changanya siki na chumvi, lowesha unga wa mbao unaoanguka chini ya msumeno, zika shaba ndani yake katika ndoo iliyofunikwa, siku tatu au nne. Itatoka na madoa ya kijani na bluu. Iache ikauke hewani bila kuiosha, kisha ipake nta. Angalisho kubwa: kijani hiki ni sumu ikiingia tumboni. Ni cha pambo tu. Hapana kukifanya katika kikombe, sufuria, kijiko, wala mkono wa mlango ambao watoto wanaushika kutwa.

F. Kusugua, ambayo ni nusu ya kazi. Kitu cha zamani hakifanani pande zote. Mkono wa droo unang'aa pale vidole vinapopita na ni mweusi katika mashimo. Basi chukua msasa laini au majivu makavu kwenye kitambaa, na usugue zile sehemu ambazo mkono ungezigusa. Fundi asiyefikiri anasugua kila mahali. Jiulize: mtu anafungua sanduku hili namna gani? Kidole gumba kinakaa wapi? Hapo ndipo panapong'aa.

G. Kumaliza. Kila kilichoguswa na siki au chumvi, isipokuwa kile cha kijani, kioshwe kwa maji ya majivu au bikarbonati, kisha maji safi, kikaushwe karibu na moto siku ile ile. Asidi iliyobaki katika shimo la visi itaendelea kula kimya kimya, na mwaka kesho sharniere itaanguka. Mwisho, nta.

Makatazo (tafadhali yasomwe mara mbili)

1. Kitu chenye zinki hakitiwi katika moto hata kidogo. Moshi wake mweupe unaleta homa, baridi na maumivu ya kifua.
2. Jiki na siki havikutani. Vikichanganywa vinatoa gazi ya klori inayochoma mapafu.
3. Asidi ya batri haitumiki. Siki inatosha.
4. Kufuli na kadena zina ressori ndani. Moto unaua ressori. Haitarudi tena kuruka. Vifungue kwanza, au tumia chai peke yake kwa nje.
5. Mafuta au nta ikiwaka, usimwage maji. Funika kwa mfuniko au kwa mchanga. Ndoo ya mchanga iwe karibu mbele ya kuwasha makaa.
6. Kazi hii haifanywi katika bweni wala jikoni. Kapita wa kila bweni aangalie hilo.

7. MPAKA WA KAZI HIYO

Sasa tufike penyewe. Katika Yoshua sura ya 9 tunasoma juu ya Wagibeoni. Walichukua magunia yaliyochakaa, viriba vilivyopasuka, viatu vya viraka na mkate uliokauka, wakasema wametoka nchi ya mbali sana. Kumbe walikuwa majirani. Viatu vile havikuwa na kosa lolote. Viatu vya zamani ni viatu tu. Kosa lilianza pale kinywa kiliposema: "Hivi vilikuwa vipya siku tulipoondoka."

Mwaka wa masomo uliopita mnunuzi mmoja alifika atelie. Aliagiza masanduku manne yenye vyuma vya weusi. Mpaka hapo hakuna neno. Kisha akasema: "Musitie alama yoyote. Mimi nitaambia wageni ni ya wakati wa Wabelgiji. Mukinyamaza, naongeza bei." Nyongeza ile haikuwa ndogo. Wenzetu watatu walikuwa wanaingojea kwa minerval, na wote tulijua.

Majadiliano yalikuwa makali. Mmoja alisema: "Sisi tunatengeneza tu. Uongo ni wake, si wetu." Mwingine: "Mgeni akipenda sanduku, amepata sanduku. Ameibiwa nini?" Hayo si maneno ya wajinga, na ninataka kuyajibu kwa heshima.

Kwa wa kwanza: kama uongo ungekuwa wake peke yake, asingelipa sisi kwa kunyamaza. Bei ya kimya ni mshahara wa kazi, na kazi ile ni uongo.

Kwa wa pili: mgeni hakununua mbao peke yake. Alinunua miaka. Alilipa miaka sabini, akapewa miezi miwili. Ukipima sukari kwa kilo ya uongo utaitwa mwizi sokoni. Miaka nayo inapimwa.

Na kuna aliyeibiwa mwingine, ambaye hakuwa pale: ni sisi wenyewe. Misalaba ya shaba ya Katanga ilifanywa na wafua shaba wa zamani, ikazikwa pamoja na watu wao, nayo inatuambia biashara ya wazee ilifika wapi. Hata bendera ya Katanga ya miaka 1960 mpaka 1963 ilichorwa misalaba mitatu. Leo misalaba mipya inapakwa kijani na kuuzwa kama ya makaburini. Sanamu za Bwami za Warega nazo zinaigwa hivyo hivyo. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi yetu, na tarehe 4 Oktoba 1973 rais wa wakati ule, Mobutu, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akidai vitu vya kale virudishwe Afrika. Lakini tutadai nini, kama sisi wenyewe tunachanganya cha kweli na cha uongo mpaka mtu asijue tena? Kila cha uongo kinachoingia sokoni kinakipunguzia cha kweli sauti yake.

Mwalimu wa atelie alituacha tuseme yote. Kisha akauliza swali moja tu: "Kama yule mgeni angekuwa hapa, akiuliza umri wa sanduku, mungemujibu nini?" Hakuna aliyesema miaka sabini. "Basi," akasema, "andikeni jibu lenu mahali atakapoliona."

Tulipiga mwaka kwa patasi ndani ya kila mfuniko, na nyuma ya kila sharniere. Mnunuzi alikasirika. Alichukua mawili kwa bei ya kawaida, akaacha mawili. Moja lilinunuliwa baadaye na familia iliyokuwa na harusi. La nne lingali atelie. Sitasema kwamba kila kitu kilikwenda vizuri: mmoja wa wale watatu alikaa nyumbani wiki mbili mpaka jamaa yake walipopata minerval. Ukweli una bei, na mara nyingine anayelipa ni yule asiye na kitu. Kwa sababu hiyo naomba komite ya wanafunzi ifikirie mfuko mdogo wa atelie, kusudi siku nyingine mwenzetu asibaki peke yake kati ya minerval na dhamiri.

Kwa hiyo kanuni yetu iwe hivi: rangi ya uzee tunatoa, miaka hatuuzi. Kila chuma kilichozeeshwa katika atelie yetu kinapigwa mwaka wake kwa nyuma.

8. NAMNA YA KUTAMBUA UONGO

Na wewe pia usidanganywe. Mtu akikuletea sanduku "la mwaka 1900", tazama haya:

— Visi vya kichwa chenye msalaba vilianza kuenea miaka ya 1930. Vikiwa ndani ya sanduku la 1900, ama sanduku limefanyiwa matengenezo, ama mdomo umefanyiwa mazoezi.
— Fungua sharniere moja. Chini yake mbao ya zamani inabaki na kivuli chenye umbo la sharniere. Mbao ikiwa na rangi moja juu na chini, uliza tena.
— Kutu ya miaka imeingia ndani na ina matabaka. Kutu ya wiki moja inatoka kwa kidole.
— Mahali panapong'aa pawe mahali ambapo mkono unapita. Uzee usiofuata mkono umepakwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini kijani cha shaba kinalinda, na kutu ya chuma hailindi?
2. Fe = 56, O = 16. Gramu 56 za chuma zikigeuka zote kuwa Fe2O3, utapata gramu ngapi? (Jibu liko chini.)
3. Unataka kilo 50 za bronzi yenye etani sehemu 1 kwa 9 za shaba. Utahitaji kilo ngapi za kila moja?
4. Sharniere ya manjano imeshikwa na sumaku. Je, utatumia yai au chai? Eleza.
5. Taja makosa mawili ya mtu anayetia kadena yenye zinki katika makaa.
6. Kwa kujadiliana darasani: fundi anayerudisha msumari mmoja katika mlango wa zamani, je, naye apige mwaka nyuma yake? Sisi tunasema ndiyo. Wewe unasema nini?

Majibu: 2. Gramu 80. 3. Kilo 5 za etani na kilo 45 za shaba. Mengine muyatafute katika somo.

Anayetaka kuona vipande vya mfano, vya chai, vya moto, vya yai na vya kijani, apite atelie Jumatano nyuma ya masomo. Lile sanduku la nne liko pale pia. Fungueni mfuniko, msome mwaka wake.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho